Foleni ya Vijiko

Niliporudi Tunduma na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, dada yangu alinipa godoro, ufunguo wa chumba cha pili, na mwanawe wa miaka minne nimwangalie wakati yeye yuko sokoni na maharage yake. "Si unapenda maswali?" akasema. "Huyo hapo. Sasa utaulizwa wewe."

Hakukosea. Mpwa wangu alitaka kujua kwa nini malori yanalala nje na sisi tunalala ndani, na kwa nini mbwa wa Zambia wanabweka kama wa kwetu. Tulielewana tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo niliwahi kutolewa nje ya darasa la Jumapili kwa kuuliza simba walikula nini ndani ya safina siku zote zile. Chuoni nilikutana na watu wanaolipwa mshahara kwa kuuliza maswali ya namna hiyo, na tabia ikakomaa. Nilikuwa siamini kitu mpaka nikipindue nione chini kuna nini.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, uwanja wa saruji katikati, bomba moja, na kamba za nguo zilizomlazimu kila mtu mrefu kuinama. Chumba cha kwanza aliishi mama mwenye nyumba, mjane kutoka Iyula aliyekuwa bado na shamba lake la kahawa huko, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Chumba cha nne alikaa Mama Mapacha. Yeye aliolewa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mahali unapoweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Akifurahi aliongea Kiswahili, akikasirika alimwaga Kibemba. Hao wawili ndio waliouendesha ule uwanja. Sisi wengine tulikuwa wapangaji.

Mwezi wa saba ulipofika na baridi yake, kila pua ya mtoto pale uwanjani ilikuwa inachuruzika. Upepo wa kwetu mwezi huo hauna adabu, unaingia na vumbi hadi ndani ya sufuria lililofunikwa. Mpwa wangu alianza na mafua kama wenzake, kisha usiku mmoja akalia ameshika sikio la kushoto, mwili wa moto, na asubuhi mto wake ulikuwa na usaha. Dada alimpeleka zahanati. Nesi akampa dawa ya maji, ile inayokuja ikiwa unga, unaichanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, inakuwa na rangi ya waridi na harufu ya ndizi mbivu. Maagizo yalikuwa mafupi: asubuhi na jioni, siku tano, usiache hata akionekana kupona.

Asubuhi iliyofuata dada alikwenda sokoni akaniachia chupa. Nilipoitikisa mlangoni, kabla sijamwita mpwa wangu, foleni ilikuwa imeshajipanga.

Sijui nani aliwafundisha. Watoto wote wa uwanja ule walikuwa wamesimama mstari mmoja, wadogo mbele, wakubwa nyuma, kila mmoja ameshika kijiko chake kutoka kwao. Mapacha, ambao hawakuwa wametimiza hata miaka miwili, walikuwa wa kwanza, midomo imeshafunguka kama ya vifaranga wa njiwa. Mama yao alikuwa bombani anafua. "Msomi, na wangu wanakohoa," akaniambia bila kuinua kichwa. "Usiwapunje."

Ndivyo ilivyokuwa pale. Chupa ya dawa ya mtoto ikifunguliwa, ilikuwa kama chungu cha uji kikiepuliwa. Hakuna aliyekula peke yake. Mwezi uliotangulia chupa ilikuwa ya chumba cha tano, na mpwa wangu naye alikuwa amesimama na kijiko chake mlangoni kwao. Nikamimina. Kijiko kwa kijiko, kila mtoto alilamba na kusema asante.

Nitasema ukweli: niliona jambo zuri. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikisikiliza mihadhara kuhusu jinsi mji unavyowafanya watu kuwa wachoyo, na hapa, hatua mia chache kutoka mpakani, watoto wa makabila matano walikuwa wanalamba chupa moja. Nikatoa simu, nikawapiga picha. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, asubuhi ile sikuuliza hata swali moja. Jioni ya siku ya pili nilisuuza chupa kwa maji kidogo ili kila mmoja apate tone la mwisho.

Sikio lilikauka siku tatu, nne. Kisha usaha ukarudi.

Lakini si usaha uliotutisha. Adhuhuri moja mpwa wangu alikuwa amelala mkekani, sikio lake zima, la kulia, limezamia kwenye mto. Nikamwita. Kimya. Nikadhani ananitania, maana ana utani huo. Nikachukua pakiti ya biskuti nikaikwaruza nyuma ya kichwa chake, sauti ambayo kwa kawaida ingemtoa hata kwa jirani. Hakutikisika. Nikazunguka mbele yake, akaiona, akaruka.

"Anko, kwa nini hukuniambia kuna biskuti?"

Nilikaa chini pale pale. Nilimpa pakiti yote.

Kesho yake tulikwenda zahanati watatu. Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoshikiliwa kwa uzi, na namna yake ya kutazama sikio ilikuwa ya mtu anayechungulia tundu la ufunguo wa nyumba anayoifahamu. Akamaliza, akaketi.

"Ile chupa iliisha siku ya ngapi?"

"Ya pili," dada akasema.

"Mtoto mmoja anamalizaje dawa ya siku tano kwa siku mbili? Mlikuwa mnapaka kwenye mkate?"

Dada akanitazama. Mimi, kwa kuwa napenda ushahidi, nikatoa simu nikamwonyesha picha. Nesi akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu kwa midomo.

"Saba," akasema. "Na huyu wa mwisho, mrefu hivi, ana miaka mingapi?"

Nikatazama. "Huyo ni bodaboda," nikasema. "Alikuwa anapita."

Nesi alivua miwani, akafuta macho, mabega yakimtikisika. Dada naye alijifunika uso kwa kanga. Lakini nesi alipovaa tena miwani, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Alitueleza polepole. Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba kama ya ngoma, na nyuma yake vijidudu vimejaa. Dawa ikianza, vinyonge vinakufa siku ya kwanza na ya pili, mtoto anachangamka, mnadhani kazi imekwisha. Vilivyobaki ndivyo vikaidi. Ukiacha hapo, vinazaana, na safari nyingine dawa hiyo hiyo inaweza kuvikuta vimeshaizoea.

"Kwa nini siku tano?" nikauliza. "Kwa nini siyo nne? Nani alihesabu?"

Dada akanikanyaga mguu. Nesi hakuchukia.

"Watu waliijaribu dawa kwa watoto wengi, wakaangalia nani anapona na nani anarudi. Mimi sikuwepo. Ila wanaorudi hapa kwangu nawahesabu kila wiki. Wewe ndiye wa kwanza kurudi na picha."

"Na wale wengine sita?"

"Wa bodaboda simjui. Hao watoto walikuwa na mafua. Mafua yanaletwa na virusi, na dawa hii haivigusi kabisa, hata ukimpa mtoto ndoo nzima. Uliwapa dawa wasioihitaji, ukamnyima aliyeihitaji."

Kisha akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunaogopa kuliuliza. Sikio likiendelea kutoa usaha, ile ngozi inaweza kubaki na tundu, na mtoto akabaki anasikia nusu tu, maisha yake yote. Tungeanza upya leo, chupa mpya, na kukausha usaha kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Likikataa, angetuandikia barua twende hospitali kwa mtaalamu wa masikio.

"Jumanne ni kliniki ya watoto," akaniambia tukiwa mlangoni. "Njoo uulize hayo maswali yako mbele ya kina mama. Maswali mazuri yasiozee kwako peke yako."

Njiani dada alitangulia mpaka tulipofika kwenye foleni ya malori. Hapo akasimama.

"Nitaifichaje?"

"Nini?"

"Chupa. Mwaka jana nilipolazwa wiki mbili, wewe ulikuwa chuoni unasoma. Mtoto alikula wapi? Alilala wapi? Mama Mapacha alikuwa na mimba ya miezi minane, akambeba mgongoni. Leo nijifungie ndani nimnyweshe wangu dawa kama mtu anayekula nyama usiku?"

Nikamwambia aniachie mimi. Ningewaelimisha. Nilikuwa na shahada.

Jioni hiyo nikabandika ukutani upande wa nyuma wa kalenda ya zamani, nikachora. Nilichora sikio, vijidudu, na dawa ikiwa askari wenye mikuki. Wanawake walikuja na vigoda vyao, wengine na mboga za kuchambua. Mama mwenye nyumba alisogeza uso hadi karibu na karatasi.

"Hawa wadudu wana miguu mingapi?"

"Hawana miguu, mama."

"Mbona umewachora nayo?"

"Ni ya kuonyesha kwamba wako hai."

"Hata yai liko hai. Lina miguu?"

Nikaendelea. Nikasema askari wakiwa wachache hawawezi kushinda. Mama wa chumba cha tano akasema askari wachache bado wanapiga, hata mmoja anapiga. Nikasema wadudu wanazoea. Akauliza kama mimi nimezoea kupigwa. Nikageukia virusi, nikachora kimoja, nacho nikakitia miguu kabla mkono haujakumbuka.

Mama Mapacha alikuwa amekaa muda wote, pacha mmoja titini, mwingine mapajani. Sasa akainua uso.

"Msomi, umeshawahi kukesha na mtoto anayekohoa?"

"Hapana."

"Mimi nakesha na wawili. Mmoja akinyamaza, wa pili anaamka. Sasa unaniambia dawa iko chumba cha pili, wangu wanakohoa chumba cha nne, na mimi nitulie tu. Kwetu hiyo inaitwa uchoyo. Kwenu inaitwaje?"

Nilifikiri, nikajibu kwa unyofu kabisa: "Sayansi."

Uwanja mzima ulilipuka. Mama mwenye nyumba ilibidi ashike kamba ya nguo asianguke. "Awe, mayo!" Mama Mapacha alipiga kelele. "Siku hizi hata uchoyo umesoma! Umepata shahada!" Wiki nzima baadaye mtu akimnyima mwenzake chumvi, aliambiwa anafanya sayansi.

Nami nilicheka, ingekuwaje nisicheke. Lakini asubuhi iliyofuata, Jumatatu, foleni ilijipanga kama kawaida, na dada alikuwa bado hajatoka. Alimpa mpwa wangu dawa ndani, mlango umefungwa. Nje vijiko vilikuwa vinagongwagongwa, kwa uvumilivu, bila ugomvi. Dada alisimama mkono kwenye komeo, chupa ndani ya kanga. Alipofungua, pacha mmoja aliinua kijiko juu kadiri mkono wake ulivyofika, akatabasamu kwa meno yake yote sita.

Dada akammiminia nusu kijiko. Kisha, kwa kuwa huwezi kumpa pacha mmoja ukamwacha mwenzake, akamimina tena. Kisha wengine. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sikumzuia, maana ule mkono mdogo na mimi niliuona. Tulitazama chupa dhidi ya mwanga. Ilikuwa asubuhi ya kwanza tu.

Jumanne nilikwenda kliniki nikiwa nimembeba pacha mmoja, kwa sababu Mama Mapacha alikuwa anawapeleka kupimwa uzito na hakuwa na mikono minne. Mizani ilining'inia kwenye boriti, watoto wakitiwa humo kwenye kaptula ya turubai mmoja mmoja, wakilia kana kwamba wanauzwa. Wanaume pale tulikuwa wawili, mimi na mlinzi.

"Huyu baba wa nani?" mama mmoja akauliza.

"Hana mtoto," Mama Mapacha akajibu. "Amekuja na maswali."

Nesi alipomaliza kupima, akaniita mbele. Sikuwa na karatasi safari hii, na nilishukuru. Nikauliza tu lile lililokuwa linanisumbua mimi mwenyewe tangu Jumatatu: "Kama dawa nzima inaponya, kwa nini nusu isiponye nusu?"

Minong'ono ya kukubali ikapita. Lilikuwa swali la kila mtu. Nesi akakuna kichwa chake, akaanza kueleza vile vikaidi vinavyobaki, na nikaona macho ya kina mama yakianza kuhama kwenda kwa watoto. Hapo Mama Mapacha, ambaye mumewe anashughulikia karatasi za malori mpakani, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake:

"Kama kibali."

"Sema kwa nguvu," nesi akamwambia.

"Kibali cha lori." Akasimama, pacha ubavuni. "Lori moja lina kibali kimoja. Nyuma yake wako rafiki zako watano, nao wanataka kuvuka, na wewe si mchoyo. Sasa ukichana kile kibali vipande sita, kila mmoja ukampa chake..."

"Hakuna atakayevuka!" chumba kizima kikamjibu. Nusu yao waume zao au kaka zao walikuwa kwenye foleni ile saa hiyo hiyo.

"Hata mwenye kibali," akasema. Akanitazama, akamtazama pacha wake, kisha mimi tena, na uso wake ukabadilika. "Mayo we. Tumemchania mtoto kibali chake."

Hakuna aliyecheka. Nesi alimwacha akae kwanza. Halafu akauliza taratibu, "Na unachoogopa wewe ni nini, kikohozi cha hawa?"

"Ndiyo. Nitajuaje ni mafua tu?"

Basi nesi akawaambia kina mama wote wainue fulana za watoto wao. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii. Tazama kifua. Mafua peke yake yanataka maziwa, uji, pua kusafishwa, joto na subira. Lakini mtoto akipumua mbio kuliko kawaida yake, au mbavu za chini zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, au akilegea au kupata degedege, huyo haletwi kesho, analetwa saa hiyo, na wala asitafutiwe chupa ya jirani.

Kile chumba kilichokuwa kinapiga kelele kama mnada kikanyamaza. Kina mama thelathini hivi walikuwa wameinamisha vichwa, wakitazama matumbo madogo yakipanda na kushuka. Nami nilikuwa na pacha wangu wa kuazima mapajani. Tumbo lake lilikuwa na joto na harufu ya mafuta ya mgando. Lilipanda, likashuka, bila haraka yoyote. Sijawahi kutazama kitu kwa makini namna ile, hata kwenye mtihani.

"Wangu mzima," nikasema.

"Si wako," Mama Mapacha akanijibu, lakini alikuwa anatabasamu.

Kabla hatujaondoka alikwenda mwenyewe kwa nesi, akamwambia ile chupa mpya walikuwa wameinywa wao, si kosa la dada. Nesi alinung'unika mpaka kabatini na kurudi, akatoa nyingine, akasema hesabu ianze upya.

Pale nyumbani Mama Mapacha alimaliza kwa dakika kumi kazi iliyonishinda mimi na kalenda. Mama mwenye nyumba alimsikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni, kisha akanigeukia.

"Kwa nini wewe hukusema hivyo?"

"Nilichora, mama..."

"Ulichora wadudu wenye miguu."

Akaingia ndani, akatoka na kopo la bati la biskuti. Sote tulilijua. Ndimo alimokuwa anaweka vidonge vilivyobaki vya kila ugonjwa uliowahi kupita pale, vikiwemo vile vya rangi mbili ambavyo alivipasua na kunyunyizia unga wake kwenye vidonda vya magoti ya watoto. Alilishika kama mtu anayekabidhi kuku wa mayai. "Mpelekee nesi wako. Lakini kopo lirudi." Nilipeleka. Nesi alimwaga yote mezani akachambua kwa ncha ya kalamu, akakitenga kidonge kimoja cheupe, akakigeuza. Kilikuwa kifungo cha shati.

Kulikuwa bado na tatizo moja, na ndilo kubwa. Habari za kibali hazikuwafikia watoto. Jumatano asubuhi foleni ilijipanga, vijiko vikaanza kugongwa, na mimi nikasimama mlangoni bila kitu cha kuwaambia watu wa umri ule.

Mama mwenye nyumba aliwatazama kutoka mlangoni kwake. "Hawa hawataki dawa," akasema. "Wanataka foleni."

Akaenda jikoni kwake akatoka na sufuria la uji wa ulezi uliotiwa karanga, akaliweka katikati ya uwanja, na mwiko wake mkubwa. Utaratibu ukawa huo. Mpwa wangu anasimama wa kwanza, anapata dawa yake kwa kipimo chake, wote wanaangalia. Kisha uji unatembea, kijiko kwa kijiko, hadi wa mwisho. Yule bodaboda alikuja siku ya kwanza na kijiko chake, akalamba, akatafakari.

"Dawa imebadilika ladha."

"Umepona, nenda kazini," Mama Mapacha akamwambia.

Watoto ndio waliogeuka kuwa wasimamizi. Mtoto wa chumba cha tano alichora kwa mkaa ukutani mistari kumi, mmoja kwa kila dozi, na kila dawa ikinywewa mstari mmoja ulikatwa mbele ya mashahidi. Jioni moja dada alichelewa sokoni na mimi nilikuwa nimezama kwenye simu. Mlango wangu uligongwa kwa vijiko sita. "Anko! Bado huyu! Bado huyu!" Hakuna mfumo wa ufuatiliaji niliowahi kuusoma uliofanya kazi kama ule.

Mstari wa kumi ulikatwa kwa shangwe. Sikio lilikuwa kavu. Kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata, kavu. Dada alipika pilau, uwanja ukala.

Mimi sikula vizuri. Nilikuwa nimemjaribu asubuhi hiyo. Nilimziba sikio la kulia kwa kiganja, nikanong'ona kushoto, naye akaendelea kucheza na kandambili.

Nesi alisema tusubiri. Usaha umekwisha, lakini nyuma ya ile ngozi mara nyingi kunabaki maji, na hayo yanachukua wiki, wakati mwingine miezi, kukauka. Sikupenda jibu lile. Linafanana sana na majibu ya watu wasiojua. Nikamwambia hivyo, na akasema, "Mengine sijui. Hili najua. Rudi baada ya wiki nne, na punguza kumziba mtoto masikio."

Sikupunguza. Nilimjaribu asubuhi na jioni, kama dozi. Nilinong'ona majina ya wanyama, ya matunda, ya miji. Dada aliacha kuniuliza. Alikuwa anasoma jibu usoni kwangu akirudi na kapu lake, kisha anaenda kuwasha jiko. Foleni ya uji iliendelea, ingawa hakuna tena aliyekuwa anaumwa. Ukimuuliza mtoto yeyote kwa nini, alikutazama kana kwamba umeuliza kwa nini kuna asubuhi.

Mwezi wa nane ulikuwa unaisha na baridi imelegea. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mpwa wangu karibu na bomba, kiganja kwenye sikio la kulia, nikanong'ona kushoto kwa sauti ndogo kuliko zote: "Tembo. Nanasi. Mbeya."

Akageuka, amekunja uso.

"Anko, mbona kila siku unanong'ona? Koo linakuuma?"

Sikuamini. Jaribio moja si ushahidi. Nikamgeuza, nikamziba tena, nikarudi nyuma hatua mbili, maana lazima umbali nao upimwe, nikakumbuka kwamba mkono wangu haufiki huko, nikamwita Mama Mapacha amzibe. "Chungwa," nikanong'ona. "Chungwa," mpwa wangu akasema kwa uchovu. "Vwawa." "Vwawa." "Mama Mapacha ni mkali." "Anko amesema wewe mkali," akamwambia Mama Mapacha, na hapo mama yule aliachia sikio, akarusha mikono juu na kupiga kigelegele kilichowatoa watu hadi kwenye malori.

Dada alikuja mbio kutoka barabarani, kapu kichwani, akidhani kuna msiba. Alipoambiwa, aliliweka kapu chini polepole, akaenda upande wa kushoto wa mwanawe, akamwambia kitu ambacho sisi hatukukisikia. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Dada akalia kidogo, akacheka, akauliza nani amemwaga maji hapa.

Nilijiuliza, naam, kama ni dawa iliyofanya kazi au ni muda. Nilimuuliza nesi tuliporudi kwake. Akasema masikio mengine hupona yenyewe, ndiyo maana dawa haipewi kila mtu, na hilo la mpwa wangu hakutaka kulibahatisha mara ya tatu. Nimelipindua jibu hilo nikatazama chini yake. Bado limesimama.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile ya kigelegele, mpwa wangu alikuwa hajamalizana na mimi. Alinishika mkono, akanikalisha kwenye kigoda, akaniziba sikio la kulia kwa kiganja chake kidogo chenye utelezi wa sabuni. Akazunguka upande wa kushoto, akasogeza mdomo.

"Uji umeiva," akanong'ona. Kisha akasimama mbele yangu na uso wa daktari. "Nimesemaje?"